Mama mkwe anasema naogopa mkono wake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 28, mzaliwa wa Pangani, nimeolewa Pongwe, hapa Tanga. Nina mtoto mmoja wa kiume, ametimiza miaka miwili. Tunaishi uwanja mmoja na mama mkwe wangu. Yeye ni mfugaji, ana ng'ombe wa maziwa, na kila alfajiri maziwa yanapelekwa kituoni kuuzwa. Yanayobaki ni ya nyumbani. Nyumba hii chai ni ya maziwa matupu, asubuhi na jioni, haitiwi maji hata tone. Kwetu Pangani tulikunywa chai ya rangi. Maziwa tuliyaona sikukuu, au pakiwa na mgonjwa.

Tangu niolewe tumbo langu halijatulia. Nikinywa chai ya asubuhi na mahamri, haupiti muda mrefu tumbo linaanza kunguruma, linajaa gesi, linanikata, kisha nakimbilia chooni. Mchana napata nafuu, jioni linaanza tena. Mwanzo nilisema ni ugeni wa maji. Baadaye nikapewa dawa za minyoo, za amiba na za taifodi, nimezimaliza zote. Mama yangu akasema ni chango, nikachemshiwa mizizi. Jirani mmoja akanivuta pembeni akaniambia, "Mwenzangu, tumbo limeanza ulipoingia nyumba hii, fumbua macho." Maneno yale sikuyapenda, lakini yamenikaa.

Mwaka jana walikuja watu wenye mashine ya kupima mwili mzima. Unashika kidude mkononi, kompyuta inatoa karatasi. Karatasi yangu ilisema mwili wangu hautaki ngano, maharage, kunde, mayai, samaki, nazi na maziwa. Wakaniuzia na vidonge. Nikaacha karibu kila kitu. Ngano niliishuku mwenyewe kwa sababu ya yale mahamri. Samaki nao niliamini, maana kuna siku tulikula jodari wa kukaanga aliyenunuliwa jioni kwa mchuuzi, na kabla hatujanawa mikono uso ulikuwa umeshaniwaka, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, mwili wote unawasha. Shemeji yangu naye aliwashwa usiku ule, ila yeye alioga akalala na asubuhi akaamka mzima.

Sasa nakula wali mweupe na bamia, au ugali na mchicha wa chumvi. Tumbo limetulia, sikatai, lakini nimepungua mpaka magauni yananipwaya, nguvu sina, na nikiinuka ghafla naona kizunguzungu.

Kinachoniumiza zaidi ni mama mkwe. Mara ya kwanza nilipokataa chai yake alinyamaza. Ramadhani iliyopita, kwenye futari, alinipakulia mihogo ya nazi kwa mkono wake mwenyewe, nikasema sili. Akaisukuma sahani, akasema mbele ya watu, "Kwani mie mchawi? Sema basi kama unaogopa mkono wangu." Tangu siku ile hanipakulii tena. Mume wangu yuko katikati. Ananiambia nile kidogo tu kumridhisha mama, ati maradhi mengine ni ya moyoni.

La mwisho ni mtoto. Nimeogopa asije akawa amerithi tumbo langu, nikamwachisha maziwa ya ng'ombe. Bibi yake ameliona hilo kama vita. Shangazi, nifanye nini? Nitakula bamia maisha yangu yote? Au niombe ruhusa nirudi Pangani kwa muda, nione kama nitapona nikiwa nje ya nyumba hii?

Mke wa mtu, Pongwe

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Barua yako nimeisoma taratibu, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu umeiandika mwenyewe. Umesema kwenu mlikunywa chai ya rangi. Umesema ukweni chai ni maziwa matupu, mara mbili kwa siku. Umesema tumbo linaanza muda mfupi baada ya chai ya asubuhi, mchana linapoa, jioni linarudi. Jirani yako ameitazama ndoa, mama yako ametazama chango, ile mashine ikatazama kila kilichomo jikoni. Mimi, kabla ya kitu kingine chochote, nakitazama kile kikombe.

Maziwa yana sukari yake ya asili inayoitwa laktosi. Mwili hauwezi kuipokea ilivyo. Ni lazima kwanza ikatwe vipande viwili kwenye utumbo mwembamba, na mkataji wake ni kimeng'enya kinachoitwa laktezi. Mtoto mchanga anacho kwa wingi, maana maziwa ndiyo chakula chake. Akiacha ziwa na kukua, kwa watu wengi kinapungua. Takribani theluthi mbili ya watu wazima duniani wako hivyo, kwa hiyo usijione una kilema. Laktosi isiyokatwa inateremka hadi utumbo mpana, inavuta maji, na bakteria waliopo huko wanaichachua na kutoa gesi. Ndiyo hiyo ngurumo, ndiko huko kukatwa, ndizo hizo mbio za chooni. Kwa kawaida huanza kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kunywa. Kuyachemsha maziwa hakuiondoi laktosi, na ya mbuzi nayo yanayo.

Utaniuliza, mbona mama mkwe na wanawe wanakunywa na hawadhuriki? Wapo watu ambao laktezi yao haipungui ukubwani, hasa wale ambao mababu zao waliishi na ng'ombe kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walionyesha kwamba wafugaji wa huku kwetu walipata uwezo huo kwa mabadiliko ya vinasaba yaliyotokea hukuhuku, tofauti na yale ya watu wa Ulaya. Tena wapo wasio na urithi huo ila wamezoea. Anayekunywa maziwa kila siku bila kuacha, bakteria wa utumbo wake nao huzoea, akaacha kusumbuka sana. Wewe umekulia kwenye samaki na nazi, ukaolewa, ukaanza ghafla kunywa maziwa matupu asubuhi na jioni. Ndiyo maana tumbo na ndoa vimeanza pamoja. Hakuna mkono wa mtu hapo, na neno la jirani nakuomba ulitoe moyoni leo hii. Limeshamfikia mama wa watu, hata kama wewe hukulitamka.

Tuje kwenye ngano. Uliihukumu kwa ajili ya mahamri, lakini mahamri hukuyala makavu, uliyateremshia na chai. Vitu viwili viliingia tumboni pamoja na kimoja kikakamatwa bila ushahidi. Mihogo ya nazi nayo, mwanangu, haikuwa na tone la maziwa ya ng'ombe. Tui la nazi halina laktosi kabisa. Uliikataa kwa sababu ya karatasi.

Na karatasi ile sitaizungumza kwa upole. Hakuna kidude cha kushikwa mkononi kinachoweza kujua tumbo lako linashindwa na chakula gani. Hata vile vipimo vya damu vinavyouzwa ghali na kutoa orodha ndefu ya vyakula vya kuacha, vinavyotazama kingamwili ziitwazo IgG, chama cha wataalamu wa aleji cha Ulaya kilitamka mwaka 2008 kwamba havifai kwa kazi hiyo. Kingamwili hizo zinaonyesha kwamba chakula hicho umewahi kukila, basi. Watu wale wamemnyang'anya mama mwenye mtoto mdogo mayai, samaki, maharage na maziwa kwa siku moja, wakamwachia bamia. Vidonge walivyokuuzia viweke kwenye mfuko, uende navyo hospitali daktari avione.

Jodari ni habari nyingine kabisa, na sisi wa pwani yatupasa kuijua. Samaki kama jodari na vibua wakikaa juani au nje ya barafu, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao kitu kinachoitwa histamini. Samaki anaweza asinuke wala asibadilike sura. Ukimkaanga, ukimchemsha, hata ukimgandisha, histamini iliyokwisha kuingia haitoki. Anayemla huwaka uso, kichwa kikamgonga, moyo ukaenda mbio, mwili ukawasha, mara nyingi ndani ya saa moja, kisha hutulia. Kinachonipa mashaka makubwa na jodari yule ni shemeji yako. Kama ingekuwa ni aleji yako wewe, yeye angewashwa na nini? Watu wawili wa sahani moja kuwashwa usiku mmoja kunaonyesha samaki hakuhifadhiwa vizuri. Mkitaka jodari, mnunueni asubuhi pale soko la samaki la Deep Sea akiwa ndani ya barafu, na barafu imsindikize mpaka jikoni. Changu, tasi na dagaa, ambao hawajawahi kukufanya kitu, sioni sababu ya kuwafukuza.

Hapo hapo nikuonye. Ikitokea siku yoyote, kwa samaki, kamba, korosho, karanga au kingine, ukavimba midomo au ulimi, koo likabana, ukapumua kwa shida au ukataka kuzimia, usingoje kupoe. Kimbia hospitali. Aleji ya kweli ni kinga ya mwili kushambulia chakula, na inaweza kuua hata kwa punje ndogo. Hili la maziwa lako linatesa na linaaibisha, lakini haliui.

Sasa nini cha kufanya. Anza na hospitali, kwa sababu ya kupungua huko na kizunguzungu. Huenda ni njaa tu ya kula bamia, lakini apimwe mtu, asikisiwe. Omba wapime wingi wa damu, wapime choo, maana vimelea kama giadia huharibu utumbo na kuleta shida hii hii ya maziwa. Mweleze daktari kila ulichoacha kula na tangu lini. Kipo pia kipimo cha pumzi cha laktosi: unakunywa laktosi, kisha hidrojeni inapimwa kwenye hewa unayotoa. Kikikosekana, jiko lako litakupa jibu zuri tu, ukiwa na subira.

Subira yenyewe iko kwenye kurudisha. Wewe umekuwa hodari wa kuacha, na kuacha hakukufundishi kitu ukiacha saba kwa mpigo. Nafuu uliyoipata imetokana na kipi kati ya hivyo? Huwezi kujua mpaka vimerudi kimoja kimoja. Kwa hiyo acha maziwa peke yake kwa wiki mbili, pamoja na maziwa ya unga na aiskrimu. Mengine yote yaanze kurudi: mayai kwanza, siku mbili tatu, ukitulia lete samaki, kisha nazi, kisha maharage. Maharage na kunde huleta gesi kwa karibu kila mtu. Vilowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, vichemshwe kwa maji mengine. Uwe na daftari, uandike umekula nini na tumbo limesema nini.

Ngano irudi peke yake, kwa chai ya rangi. Ukila mahamri na chai ya rangi siku kadhaa ukawa mzima, basi ngano imefungwa bure muda wote huu. Lakini tumbo likirudi kukata, usiache tena kimya kimya. Rudi kwa daktari ukiwa bado unaila, umwombe kipimo cha damu cha siliaki, ugonjwa ambao gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, huifanya kinga ya mwili iushambulie utumbo. Ukiacha ngano kabla ya kupimwa, kipimo kinaweza kukudanganya. Ugonjwa huo wenyewe ulijulikana kwa njia hii ninayokuhimiza. Uholanzi, kwenye njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate uliadimika na watoto wenye ugonjwa huo wakapata nafuu. Mkate uliporudi wakaugua upya, na daktari Willem Dicke akathibitisha alichokuwa akikishuku, kwamba ni ngano. Uhakika ulikuja mkate uliporudi.

Wiki mbili zikiisha, maziwa nayo yarudi, kwa kipimo. Robo kikombe ndani ya chai, ukiwa umeshiba, siyo tumbo tupu. Siku ya tatu nusu kikombe. Glasi ya mililita 250 ina laktosi ya takribani gramu 12, na wengi wenye shida hii huistahimili kiasi hicho ikiwa imeandamana na chakula. Mpaka wako utauona mwenyewe. Pengine utakuwa nusu kikombe, pengine chini ya hapo, lakini ni nadra sana kuwa sifuri.

Nimefika kwa mama mkwe, na hapa nataka unisikilize kama mtoto anavyomsikiliza shangazi yake.

Wewe umeolewa nyumba ya mfugaji. Maziwa kwa mama yule ni ada ya shule aliyowalipia wanawe, ni heshima anayompa mgeni, ni kazi ya mikono yake tangu kabla hapajakucha. Huku kwetu mtu akikataa chakula cha mwenzake bila kusema sababu, maana yake inajulikana, na ndiyo aliyoitamka kwenye futari. Hakukutukana. Alikuwa ameumia, tena ameumizwa nyumbani kwake, mbele ya watu, na mtu anayemwita mama. Hajui laktosi. Anachokijua ni kwamba mkwewe anasukuma sahani zake na mjukuu wake amenyimwa maziwa yake.

Mwende wawili, wewe na mumeo, baada ya isha, watu wakiwa wametawanyika. Mumeo aanze, maana ni mamake. Aseme mke wangu anaumwa na maziwa, amekuwa akiona haya kukwambia. Kisha wewe umwombe radhi kwa siku ile ya futari, radhi ya kweli, na umweleze kwamba kwenu hamkuzoea maziwa, tumbo lako haliyawezi mengi, na kwamba karatasi ile ilikutisha ukaacha hata visivyo na kosa. Usimpe somo refu. Mwambie, "Mama, naomba unipikie tena ile mihogo." Ule mbele yake, kwa mkono wake, mpaka ushibe. Mihogo haitakudhuru, na hakuna maelezo yatakayomfikia kuliko hayo.

Halafu mwombe kitu ambacho yeye tu anaweza kukupa: mtindi. Maziwa yakiganda, bakteria wa mtindi wanakuwa wamekwisha kuila sehemu ya laktosi, na hiyo iliyobaki wanaendelea kukusaidia kuisaga tumboni. Wengi wasioweza maziwa ya chai wanakula mtindi bila taabu. Baada ya zile wiki mbili, anza na vijiko vichache. Muombe akuonyeshe anavyougandisha, ila maziwa yawe yamechemshwa kwanza, kwa sababu yasiyochemshwa hubeba magonjwa kama bruselosi na kifua kikuu. Samli yake nayo itie kwenye wali, haina laktosi ya kuhesabika. Mfugaji akiona mkwewe anakula mtindi wake na samli yake, kikombe cha chai hakitakuwa tena kesi. Futari ijayo wewe uwekewe birika dogo la chai ya rangi yenye iliki na tangawizi, wala hakuna atakayegeuza shingo.

Kwa mumeo nina neno moja, mwonyeshe. Baba, mkeo hajifanyi. Mtu akiumwa tumbo kila baada ya chai halafu akaambiwa ni ya moyoni, hujifunza kunyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikowafikisha kwenye ile sahani iliyosukumwa. Kumwambia ale kidogo amridhishe mama ni kumwachia mzigo ambao ni wako wa kuubeba. Zungumza na mama yako.

Mtoto mrudishie maziwa yake, hata kabla ya mambo mengine yote. Ulimnyonyesha, hukuniandikia kwamba aliharisha kwa ziwa lako, na maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe. Umri wake huu laktezi bado ipo. Hata kama amerithi tumbo lako, kwa kawaida litajionyesha baadaye, na litamjia mtoto ambaye mamake anajua la kufanya. Sasa hivi anajenga mifupa. Maziwa yale yachemshwe, na bibi yake ndiye ampe. Wewe nawe usisahau mifupa yako: dagaa waliwe wazima na mifupa yao, mtindi ukikukubali usiuache.

Kuhusu kwenda Pangani, ukitaka kumwamkia mama, nenda, ni haki yako. Ila usiende kupima kama nyumba ya wakweo ndiyo inayokuumiza. Huko utakunywa chai ya rangi, tumbo litapoa, na utarudi umethibitisha jambo ambalo si kweli. Jirani naye atapata la kusema. Fanyia majaribio haya hapo hapo Pongwe, na utakapofika kwenye ngano niandikie uniambie daftari linasemaje, pamoja na majibu ya hospitali.

Shangazi